Wimbo wa Arobaini na Mbili

Kinyozi wetu wa Daraja Mbili huipuliza flashi mara mbili kabla ya kuichomeka kwenye redio, kama anavyopuliza nywele kwenye mashine. Redio ni mpya lakini haikumbuki kitu: umeme ukikatika na kurudi, inaanza tena wimbo wa kwanza. Kitufe cha kurudi nyuma hakijawahi kufanya kazi. Kwa hiyo yeye hubonyeza kwenda mbele kwa kidole gumba, midomo ikihesabu, mpaka arobaini na mbili. Mara nyingi umeme hukatika kabla wimbo haujaanza vizuri, naye husema "Haya" kwa sauti ya chini, akachukua mkasi.

Jumanne moja umeme ulitulia. Alikuwa akimnyoa Elirehema, mfugaji wa Kisongo, na alikuwa amemaliza nusu ya kichwa. Magitaa ya wimbo wa arobaini na mbili yalipoingia, akazima mashine.

"Umeme tena, fundi?"

"Umeme upo. Sikiliza hilo gitaa la pili." Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vikibana hewa. "Ni mimi huyo. Kaseti yenyewe ilishaliwa na redio ya zamani. Imebaki hii tu."

Elirehema alisikiliza mpaka wimbo ukaisha.

"Miaka minane unaninyoa, hukuniambia?"

"Nilitaka usikie kwanza."

"Rudisha basi."

"Hairudi. Mpaka nizungushe zote upya."

"Zungusha," Elirehema akasema, akaegemea kiti na nusu yake ya nywele. "Ng'ombe wana mchungaji."