Kamba Shingoni mwa Kaka Yangu

Wiki ile sikutulia mahali. Nikitoka darasani nakwenda nyumbani kwa mume wangu, nikitoka kwa mume nakwenda kwa mama, upande wa mashamba, na kote nilikofika nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba moto tu. Mama aliniambia, "Keti, mutoto." Niliketi, kisha nikainuka tena kabla hajamaliza kunisogezea maji.

Sababu ya yote ilikuwa filamu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya wasichana ya kanisa, hapa Kasongo. Kila mwaka nafika kwenye sura ya Wazungu wavumbuzi: walitoka mashariki, wakapita Kabambare, wakafika kwetu, wakaenda Nyangwe kuutazama mto mkubwa, na mmoja wao akaufuata hadi baharini. Ni sura fupi. Wanafunzi wangu wanaikariri kwa sababu inatoka kwenye mtihani, nami naifundisha kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Baada ya sura ile inakuja sura ya dola la kikoloni lililofuata, na sote tunapumua, maana pale adui anajulikana.

Kwenye sura ya wavumbuzi adui hajulikani vizuri. Wazungu wale hawakufungua njia yoyote. Walizikuta njia za wafanyabiashara wa pwani, njia za pembe na za watumwa, wakafuatana nao, wakala kwao, wakalala kwao. Na wajukuu wa wafanyabiashara wale ni majirani zetu. Kwangu mimi si majirani tu. Mume wangu ni wa ukoo wao, wale tunaowaita Wangwana, na tulipooana yeye alibaki na msikiti wake, mimi na kanisa langu. Kwetu ni Wazimba, watu wa jembe, wa muhogo na mpunga. Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba zamani, ukisikia bunduki ya msafara, unamziba mtoto mdomo na kuingia naye porini. Hayo yalisemwa nyumbani kwetu, jikoni. Tunaoana, tunazikana, tunakopeshana chumvi, lakini kuna maneno ambayo hayafikishwi kwenye barza, mbele ya watu.

Basi kiangazi kile wakaja Wazungu wa filamu, wachache tu, na kamera zao ndani ya masanduku meusi. Walitaka kupita palepale alipopita mvumbuzi, kutoka Kabambare hadi Nyangwe, na kuigiza safari yake. Walihitaji mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili ambaye anajua historia kidogo. Mkuu wa shule akanitaja mimi. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilikuwa nimechoka na kuta za darasa, na nilitaka nami nitembee.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi, mpole wa maneno, asiyependa kupoteza muda. Alimtaka mtu wa kuigiza tajiri wa msafara. Alipomwona baba mkwe wangu amesimama mbele ya cherehani yake, na kanzu yake nyeupe na ndevu zake zilizochanwa, hakutafuta tena. Baba mkwe alifurahi kama bwana harusi. Alikata joho mwenyewe, akalitia nakshi za uzi wa dhahabu, akapita nalo mbele ya nyumba ili tulione linavyoanguka mabegani.

"Babu zangu walitoka pwani na mavazi kama haya," aliniambia. "Mueleze yule mama vizuri."

Nilimweleza.

Walitaka pia vijana wa kubeba mizigo. Wa kwanza kujitokeza alikuwa kaka yangu, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kusukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka vijijini hadi soko la Kasongo, na mabega yake yalikuwa yamejengeka kwa kazi hiyo. Kwa muda mrefu alikuwa akisema atakwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na mama kwa muda mrefu alikuwa akimkataza. Nilifikiri filamu itamtuliza.

Siku ya kwanza ilikwenda kwa kicheko. Masanduku ya kubeba yalikuwa matupu, na vijana waliyapandisha vichwani wakijifanya yanawavunja shingo. Mwigizaji aliyekuwa mvumbuzi, kijana mwembamba aliyepakwa rangi ya homa usoni, alitembea nyuma yao na fimbo. Mara kwa mara alisimama akaandika kwenye daftari, na kamera ikasogea karibu na uso wake. Baba mkwe alitangulia mbele na joho lake.

Siku ya pili, asubuhi, mkubwa wa filamu aliniita pembeni.

"Jana ilikuwa nzuri mno," alisema kwa Kifaransa. "Ilikuwa kama matembezi. Lakini njia hizi zilikuwa na watu waliofungwa. Tusipowaonyesha, tutakuwa tunasema uongo. Uwaombe vijana. Anayekataa, simlazimishi."

Mikononi alishika kamba ndefu ya katani, mpya.

Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililonitia joto. Kama angekuwa mtu mbaya ningemjibu. Niliwageukia vijana nikatafsiri kila neno kama lilivyokuwa. Mmoja aliliweka sanduku lake chini polepole, akajipangusa mikono, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini bila kuaga. Baba mkwe alitazama ncha za viatu vyake.

"Ni kamba tu," kaka yangu akasema. "Ni sinema. Leteni."

Akainamisha shingo mwenyewe.

Walimfunga yeye na wenzake, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuacha nafasi ya hatua moja. Kamba haikubana. Mtu wa kamera alirudi nyuma, akainua mkono, nao wakaanza kutembea. Hapo hakuna aliyecheka. Sijui ilikuwaje, lakini mara walipofungwa walibadili mwendo bila kuambiwa. Miguu ikaburuta. Kaka yangu alitazama mgongo wa baba mkwe wangu, nami niliutazama uso wake nikashindwa kuona kama anaigiza.

Ilikuwa saa ya wanawake kurudi kutoka mashambani. Walikuja na vikapu vya muhogo na majani yake, sombe, migongoni, wakasimama kando ya njia. Mwanzoni walinong'ona. Kisha mmoja wao akatoka kati yao, akakishusha kikapu chake chini, akaingia moja kwa moja mbele ya kamera. Alikuwa mama yangu.

Hakukimbia. Alifika kwa kaka, akashika fundo kwa mikono yake yenye udongo na kuanza kulifungua.

"Mama, acha," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mutoto yangu haiko mbuzi."

Mtu wa kamera alimtazama mkubwa wake. Mkubwa akampa ishara aendelee kupiga picha. Mama aliona. Akageuka, akamnyooshea kidole mwigizaji wa mvumbuzi, aliyekuwa amesimama kando na daftari lake.

"Ule Muzungu, yeye iko anafanya nini?" aliniuliza mimi.

"Anaandika, mama."

"Anaandika nini?"

"Anayoyaona. Safari yake."

"Anaona kamba?"

"Anaiona."

"Na haifungue?"

Nikamtafsiria mkubwa wa filamu. Yule mama wa Kizungu alifikiri, akanijibu kwa uaminifu kabisa kwamba mvumbuzi hakuweza kuifungua. Alichukizwa nayo, aliandika kwa hasira, lakini alihitaji chakula na njia, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa wenye msafara. Bila wao asingefika mtoni.

Nilimweleza mama. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na fundo.

"Basi alikula kwao," alisema. "Aandike na hilo pia. Na wewe," sasa alikuwa anamtazama baba mkwe wangu, ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kumwita ila kwa heshima, "na wewe, mukwe wangu, umevaa vizuri sana leo."

Fundo likafunguka. Alimshika kaka mkono kama mtoto wa shule, lakini kaka alijinasua, akapita katikati ya wanawake, akaenda zake peke yake. Mama akabaki na ncha ya kamba mkononi. Akaitupa kwenye majani, akakirudisha kikapu chake mgongoni, akafuata njia ya nyumbani.

Kesho yake asubuhi kaka aliondoka. Alipanda nyuma ya pikipiki ya mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda upande wa Kabambare, na kutoka huko aende Salamabila. Nilimkuta barabarani akifunga mfuko wake.

"Umemkasirikia mama?" nilimuuliza.

"Sijamkasirikia. Lakini nikibaki hapa nitakuwa yule aliyefungwa kamba akafunguliwa na mama yake. Huko hakuna anayenijua."

"Huko utabeba mawe."

"Na hapa nabeba nini?"

Pikipiki ikawaka. Nilisimama katika vumbi lao. Wao walikuwa wanakwenda kule msafara ulikotoka.

Nyumbani kwangu hali ikawa mbaya. Mume wangu hakupiga kelele, si desturi yake. Alikula akiwa amenipa ubavu.

"Mama yako alimvua baba nguo mbele ya wageni," alisema mwishowe.

"Alimfungua mtoto wake kamba."

"Baba hakumfunga."

"Wala mama hakusema alimfunga."

Ndivyo tulivyoishi siku kadhaa, kwa maneno mafupi. Cherehani ya baba mkwe ilinyamaza. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa na wateja waligonga bure. Watu wa filamu walikwenda Nyangwe kupiga picha za mto na mitumbwi. Nilikwenda nao kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mkubwa wao aliniomba msamaha njiani, akataka nimpelekee na mama. Nilimwambia aende mwenyewe. Alisema angekwenda, lakini ndege ilikuwa inawangojea Kindu. Pale Nyangwe, kijana wao mwembamba alisimama ukingoni akautazama mto kwa mshangao, wakamrudisha nyuma, akaja tena akaushangaa upya. Wavuvi waliongojea kupisha mitumbwi yao walianza kulalamika. Nilikuwa natembea huku na huku nyuma ya kamera mpaka wakaniambia nisimame, kivuli changu kinaingia kwenye picha.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa uani kwa mama tukimenya muhogo. Baba mkwe akaja, peke yake, na kanzu ya kawaida. Mama aliinuka akampa kiti. Aliketi, akaulizia mashamba, akaulizia mvua. Mimi nilikuwa nimesimama tena.

"Habari za kijana?" aliuliza.

"Amefika Salamabila. Alipiga simu."

"Nimekuja kwa sababu yake." Akajipangusa uso. "Mama mukwe, mimi nasema babu zangu walitoka pwani. Ni kweli, mmoja alitoka. Bibi yangu, mama wa baba, hakutoka pwani. Alikuwa Mubangubangu, wa Kabambare. Aliletwa hapa mudogo, hata jina la kijiji chao alilisahau."

Kasongo nzima inajua habari kama hizo za kila nyumba, na hakuna anayezisema. Sikuwahi kusikia mtu wa ukoo ule akizitamka kwa mdomo wake mwenyewe. Mama aliendelea kumenya.

"Aliletwa namna gani?" aliuliza.

"Unajua namna gani."

"Nataka kukusikia."

"Na kamba shingoni," baba mkwe alisema.

Kisu cha mama kikasimama. Nilidhani atamwambia neno la kumfariji, maana uso wa mzee ulikuwa umelegea. Hakumwambia.

"Na ulijua hivyo, ukashona joho?"

"Nilishona. Lilikuwa zuri. Nilimsahau bibi." Akatikisa kichwa. "Nilipomwona kijana ameinamisha shingo, ndipo nikamkumbuka. Nikashindwa kugeuka nyuma. Ulipokuja wewe nilishukuru, halafu nikakasirika."

Kisha mama akamsogezea beseni la muhogo na kisu cha pili, na yule mzee, ambaye nyumbani kwake hajawahi kushika kisu cha jikoni, akaanza kumenya vibaya, akitupa nusu ya muhogo pamoja na ganda. Mama hakumsahihisha. Kesho yake cherehani ikalia tena, na mume wangu akaanza kula akinitazama.

Filamu ilitufikia baadaye sana, ndani ya simu ya mtu. Tuliitazama kwa mama, tumebanana. Kaka alikuwa amekuja kutembea, amekonda, ana kovu jipya kwenye kidole. Kuna misitu, kuna mto, kuna uso wa mvumbuzi mwenye homa. Baba mkwe anapita na joho kwa kitambo kidogo. Kisha anatokea mama: anaingia njiani, anafungua fundo, mdomo wake unakwenda kwa nguvu. Lakini sauti yake haipo. Juu yake wameweka muziki na sauti ya mwanamume anayesoma kwa Kifaransa jinsi mvumbuzi alivyokosa usingizi kwa huzuni ya aliyoyaona.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Nilimtafsiria.

"Hapana, mimi. Mimi iko nasema nini pale?"

"Sauti yako wameiondoa, mama."

"Rudisha nyuma," alisema.

Kaka alichukua simu, akairudisha. Mama akajisogeza karibu na kioo, na picha yake ilipoingia njiani, alianza kusema yale maneno upya, kwa haraka, akijaribu kwenda sawa na mdomo wake. Mara ya kwanza alichelewa. Akamwambia kaka arudishe tena. Mimi nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nao walikuwa bado wanarudisha.