Ni Directeur Njo Alifungua Chupa

Directeur alifungua chupa na meno. Na costume yake, na cravate mu shingo, mbele ya bageni, krak! Kisha akaitia mu mukono ya client wangu na bantu bote ya salle bakapiga makofi.

Client wangu ni fundi wa kushona manguo. Tangu mvua ya mwaka jana nilikuwa namusindikiza atoke mu lutuku. Bibi yake alitoka Pweto juu ya kamyo, katikati ya mifuko ya samaki kavu, aje kuona na macho yake kama kweli bwana amepona. Alikaa kiti ya mbele kabisa. Fundi aliangalia chupa, akaangalia directeur, akaangalia bibi.

Kisha akakunywa.

Turudi nyuma kidogo, juu ninataka kila muntu ajue nani alifanya nini.

Miye mwenyewe lutuku ilinikula. Kwa mwenye haijue, ni pombe kali ya mahindi, inapikwa nyuma ya nyumba, ukiimwaga chini hata mchwa anahama. Mama mwenye alikuwa ananiuzisha angali anauzisha, hapa hapa Kampemba, na tukikutana anasikitika kabisa: "Ee papa, ulitutupa! Tulikukosea nini?" Kosa yake ninaijua, na yeye anaijua. Lakini leo simuandikie yeye.

Nilipotoka mule, directeur mwenye alifungua centre ya kuachisha bantu pombe nyuma ya kanisa alituita, shiye bale tulipona, tujifunze kusindikiza bengine. Masomo yangu ni kidogo sana, nilifikiri kusindikiza ni kushika mulevi mukono mpaka kwake. Mama assistante sociale, mwenye alitufundisha, alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapa hatusemi mulevi, papa. Tunasema client."

"Client? Ananunua nini kwetu, mama?"

"Muda yako. Na siku akiona haina faida, anaenda kununua kwa mwingine. Mwingine ule anauzisha lutuku."

Kisha akatufanya tucheze. Yeye njo client, miye njo musindikizaji. Alifunga kitenge yake vibaya, akayumba, akaniomba franka, akanitukania mama. Muntu mwenye hakumujua angesema huyu amekunywa tangu asubuhi. Miye nikasimama, nikatoa maneno: moto wa jehanamu, maini yenye kuoza, batoto bila viatu. Nilijisikia mukubwa sana. Nilipomaliza, mama alikuwa anakoroma.

"Papa, umesema sana. Umeniuliza hata kitu moja?"

"Nilikuuliza kama unataka kufa."

"Ile haiko swali, papa. Ile ni matusi."

Benzangu balicheka mpaka benye kucheza mpira inje bakakuja kuchungulia ku dirisha.

Polepole nikashika kazi. Kwanza umupeleke client ku hospitali, juu mwenye anaacha lutuku kwa rafla, mara moja tu, anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kufa. Kisha ujue anaishi na nani, anapita wapi, saa gani roho ya kunywa inamukamata. Usimuamulie, yeye njo anaamua. Na akikuruhusu, uende kuongea na kila muntu mwenye anaweza kumutia glasi mu mukono: wa ku kazi, wa ku kanisa, ba-shemeji. Mama alitukazia ile ya mwisho zaidi ya yote. Muntu hapone peke yake, alisema, na haangukake peke yake.

Njo bakanipa fundi. Bibi yake alikuwa amemukimbia na batoto, amerudi kwa bazazi wake Pweto. Telefone ya kwanza nilimupigia, alinijibu wazi: "Papa, nimechoka na maneno. Nitakuja kuangalia. Nikimukuta muzima, tunarudi, miye na batoto. Nikimuona na chupa mu mukono, chupa moja tu, hamutaniona tena."

Na fundi tulifanya kazi. Mu njia ya kwake kulikuwa nyumba za kuuzisha lutuku zimefuatana kama meno, njo tukazungukia nyuma ya soko, mahali banatupa matumbo ya samaki. Alinung'unika kila siku, ananiita yaya kama miye ni kaka yake mukubwa.

"Yaya, lutuku ingeniua polepole. Hii harufu inaniua leo!"

"Kufa na harufu, nitakulilia vizuri."

Ku kilio, mahali banaume banakaa kuzunguka moto na kikombe inapita, tulikuwa tunaenda asubuhi, wakati banywaji bangali na kichwa ya kuuma. Tunalia haraka haraka, tunatoka. Bantu balisema tunalia kama benye kukimbiza avion ku kiwanja ya ndege ya Luano. Baseme. Fundi alinona, akarudia mashini yake, akaanza kushonea batoto manguo bila kujua bamekuwa na urefu gani.

Kisha directeur akatangaza fête ya kuonyesha kazi yetu kwa bageni bale balitumia centre feza, na miye nikapigia bibi telefone aje aone. Nikaomba fundi ruhusa, nikaenda kwa directeur.

"Tafazali, siku ile tuweke sucré tupu, bila pombe."

"Papa, weye ni muntu wa lutuku. Bière haiko lutuku! Bière ni heshima. Nipokee bageni na Fanta kama batoto ya communion?"

Mama assistante naye alienda. Alijibiwa "ndiyo mama, ndiyo mama", vile banafukuza inzi.

Na hapa kwetu kila muntu anajua: mukubwa akikufungulia chupa mbele ya bantu, ukiikataa, umemutemea mate. Fundi alijua. Miye nilijua. Directeur alijua zaidi yetu bote, juu njo vile alimuita mbele: "Muone huyu! Alikuwa maiti! Tumupongeze na kitu ya baridi!"

Fundi alipokunywa nilisimama, lakini bibi alikuwa amekwisha kusimama. Alifunga kitenge yake mara mbili. Hakuongea na bwana yake. Aliniambia miye: "Papa, weye njo ulinipigia telefone." Kisha akaenda kutafuta kamyo.

Toka bière, fundi alirudi mu lutuku siku ile ile. Tulimutafuta sana. Juzi alikuja mwenyewe kwangu, anatetemeka, ananuka kuliko nyuma ya soko. "Yaya, tuanze tena?" Tumeanza tena, fundi iko ku hospitali. Lakini telefone ya Pweto, bibi haikamate. Baba yake njo anakamata, anasema yeye anaongeaka bei ya samaki tu.

Na directeur? Mu mukutano alisema client alianguka juu musindikizaji ni muzaifu. Musindikizaji ni miye.

Basi, directeur, sasa ninakuandikia weye. Jina yako siandike, bantu ya Kampemba banakujua. Sitaki discours, sitaki uniombe samaha. Uko na gari, barabara ya Pweto iko. Enda ukae mbele ya bakwe ya fundi, uambie bibi yake: "Bwana yako hakuomba pombe. Balinikataza, nikacheka. Miye njo nilimupa, mbele yako, na nilijua hawezi kukataa."

Utaenda siku gani?