Kiti cha Mwenzangu

Mimi si mtu wa kusuluhishwa. Mwenzangu alipotaka tuuze mashine ya kukoboa kahawa tuliyoinunua pamoja pale Nyaishozi, nilimwambia tukutane mahakamani. Mashine ile ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu, naye hakutaka hata kusema sababu. Kaka yangu ndiye aliyenituliza. “Vita vya panzi, furaha ya kunguru,” alisema. “Mkimaliza kesi, mashine itakuwa imeliwa na kutu.”

Basi tukaenda Kayanga kwa msuluhishi, mama mmoja mpole mwenye kiofisi nyuma ya duka la pembejeo. Asubuhi nzima tulirushiana maneno. Mwishowe akatuambia tubadilishane viti. “Sasa kila mmoja aseme kana kwamba yeye ndiye mwenzake,” akasema. “Na aseme ‘mimi’.”

Niliona ni mchezo wa watoto. Mwenzangu akaanza, huku akiiga sauti yangu. “Mimi ni mkali. Naogopa umaskini kuliko ninavyomwogopa Mungu.” Nilicheka, ingawa ilinichoma.

Zamu yangu ilipofika nilikusudia kumkejeli. Kiti chake kilikuwa bado na joto. Nikafungua mdomo, na maneno yakaja yenyewe, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

“Mimi nataka tuuze sasa, kwa sababu msimu ujao sitauona. Nataka wanangu wapate chao nikiwa hai, kabla shemeji zangu hawajaanza kugombana. Sijamwambia mtu. Wataanza kunililia nikiwa bado natembea.”

Bodaboda ziliendelea kupiga honi barabarani, lakini nilizisikia kwa mbali, kama mtu aliyeziba masikio. Nilitaka kuomba radhi na sikujua ni kwa lipi.

“Nani kakwambia, waitu, ndugu yangu?” mwenzangu aliuliza. “Hata mume wangu hajui.”

“Hakuna aliyeniambia.”

Nilisema kweli. Msuluhishi, ambaye sasa uso ulikuwa umemshuka, alitusihi kila mtu arudi kwenye kiti chake. Niliinuka haraka. Mwenzangu hakuinuka.

“Kaa hapo hapo,” aliniambia. “Endelea kidogo. Nimebakiza muda gani?”

Nilimwambia tuuze mashine, hata kesho, nami sitasema neno.

“Sikuulizi mashine,” alisema.