Wimbo wa Kumzika Anangisye

Usiku ule nililala na hasira. Tulikuwa tumetoka mazoezini kanisani, bendi yetu ya tarumbeta, na kijana aliyepewa besi alikuwa ameuharibu wimbo tena, pale pale sauti zinaposhuka. Wimbo wenyewe ulikuwa wa maziko, na hakuna aliyekuwa amekufa. Anangisye, mpiga besi wetu tangu ujana, alikuwa anaumwa kifua, na hospitali ilikwisha kuwaambia wanawe wamrudishe nyumbani. Basi tukaona tujiandae, tusije tukaaibika siku yenyewe ikifika. Kwetu mpiga tarumbeta hazikwi kimyakimya. Watu hutoka vilima vyote kuja kumsindikiza, na wakirudi makwao huisimulia bendi kuliko marehemu.

Usingizi ukanichukua nikiwa bado nanung'unika.

Nikajikuta kanisani, kwenye tamasha. Mabenchi yamejaa, na wengine wamesimama nje wakichungulia madirishani. Mbele wameketi wapigaji wa zamani, wote wale waliotutangulia kaburini, na mbele yao amesimama Lugano, mwalimu wetu wa bendi, tuliyemzika masika yaliyopita. Amevaa koti lile lile tulilomzika nalo. Mdomoni bado ana ile alama ya duara ya tarumbeta, ambayo tulikuwa tukimtania nayo kwamba mkewe kaletewa mke mwenza wa shaba. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, nikataka kumkimbilia, maana tulikua pamoja, na tangu aondoke sijapata mtu wa kunikemea nikipiga ovyo.

Lugano hatabasamu. Anainua mkono, na wote wanapuliza. Mashavu yanavimba, mishipa ya shingo inawatoka, lakini hakuna sauti. Watu kwenye mabenchi wanapiga makofi vilevile, tena kwa nguvu. Nikadhani nimekuwa kiziwi. Kisha Lugano akaishusha tarumbeta yake na kuiinamisha, kama tufanyavyo kila baada ya wimbo ili kumwaga maji ya pumzi. Unatoka udongo. Udongo mwekundu, mbichi, unatoka na kutoka mpaka unafunika viatu vyake.

"Tumpe," ananiita, "siku ile mlinipigia wimbo gani?"

Nilicheka kwa kuona haya. Mtu anaulizaje hivyo? Nikamweleza kwamba tuliupiga ule alioupenda, beti zote, kwenye mvua, mpaka midomo ikatuchanika. Nikamwambia kilima kizima kililia, na kwamba hata Mchungaji alisahau kufungua mwavuli. Maneno yalinitoka kwa fahari, kwa sababu hakika siku ile tulipiga vizuri. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa harusi ambayo hakualikwa.

"Mimi sikuwepo," anasema.

Nataka kumjibu, lakini kanisa si kanisa tena. Ni chumba cha Anangisye, ingawa madirisha ni yale yale ya kanisani, na kitanda chake kimewekwa pale mbele ya madhabahu tunapowekaga majeneza. Wapigaji nao ni sisi tulio hai. Tumevaa sare, tunapiga ule wimbo wa mazoezi, na kijana wa besi anakosea palepale. Anangisye amefunikwa blanketi hadi kidevuni, macho yamemtoka. Anatugeukia mmoja mmoja akitafuta uso wa kumtazama, na sisi sote tumekazia macho karatasi zetu. Nataka kuacha. Midomo imenasa kwenye tarumbeta, haibanduki, na kifua kinaniuma kwa kupuliza. Nasikia udongo ukimwagika nyuma yangu, halafu sauti ya Lugano, karibu kabisa na sikio.

"Huyo bado yupo."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na ukungu umefunika migomba. Nilimlilia Lugano kwanza, kwa kumkosa tu. Kisha aibu ikanishika, nikakaa kitandani nimejishika kichwa. Kati ya kanisa na nyumba ya Anangisye pana kijinjia tu na matuta machache ya chai. Kila tulipofanya mazoezi, wimbo wetu uliingia dirishani kwake. Na tangu alipoiweka besi chini, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali. Tulikuwa tukisema mgonjwa anahitaji kupumzika. Uongo mtupu. Tuliogopa, kwa sababu utaongea nini na mtu wa besi aliyeishiwa pumzi? Kumzika tulikujua, kukaa naye ndiko kulikotushinda.

Sikunywa hata chai. Nilijifunga kanga nyingine mabegani, nikachukua tarumbeta yangu, nikashika njia. Nilipofika mlangoni kwake nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena, moyo ukaanza kuniambia kwamba nimechelewa. Ndipo nikasikia kikohozi kirefu, na baada yake sauti nyembamba, ya mtu ambaye zamani akipuliza mabenchi yalitetemeka.

"Karibu, Tumpe. Afadhali umekuja. Ule wimbo wangu, pale unaposhuka, besi mnaikosea."