Suti ya Baba na Magunia Saba

Suti ya baba yangu ilikaa kibandani kwangu miaka mitatu kabla sijaikata. Naanza na aibu hiyo ili nisiibebe mpaka mwisho. Mimi ni fundi wa nguo hapa Migosi, Kisumu, na kitambaa chenyewe alikileta baba mwenyewe kutoka Muhoroni, cha kijivu, kizito, kimekunjwa vizuri ndani ya gazeti. Alitaka suti ya kusimama nayo mbele ya waumini siku atakapobarikiwa kuwa mzee wa kanisa. Nilimpima palepale nikamwambia, "Baba, nipe wiki mbili tu." Akaniamini. Sijui ni kwa nini watu huwaamini mafundi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa hivi. Mtu akileta kitambaa, nampima, naandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, nakibana na pini, natupa vyote kwenye gunia. Jina siandiki. Niliandika vile ninavyomjua mtu: "Mama mandazi," "Mwalimu mrefu," "Yule wa kucheka." Magunia yalikuwa saba, na mtu akiniambia nipange vitu vyangu nilikuwa nawaka. "Kwani umewahi kuniona nikipoteza nguo?" Ratiba yangu ilikuwa kelele za wateja. Anayepiga simu mara tano kwa siku anashonewa kwanza. Anayekuja kukaa kwenye benchi akinuna ni wa pili. Mpole naye angoje. Wote niliwaambia neno moja: kesho.

Na katika wapole wote niliowahi kuwaona, baba ndiye namba moja. Aliniuliza habari za suti mara moja tu, kwa simu. Nikamwambia kazi imenilemea. Akasema, "Sawa, nyara, maliza kwanza za watu." Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo, na akiniita hivyo huwa najiona nimesamehewa kabla hata sijaomba. Hakuuliza tena. Hata kwenda kumtembelea nikaacha, maana Jumamosi ndiyo siku wateja wa Jumapili wananivamia kama siafu, na mama alikuwa ameshatutoka, kwa hiyo mzee alikuwa anakula peke yake, analala peke yake. Kinyozi hajinyoi, nilikuwa najiambia, na nikaendelea kukanyaga cherehani.

Kilichonifumbua macho ni harusi moja ya Awasi. Nilikuwa na wateja wawili, wote wanawake wa kanisa, wote wenye miili yao, Mungu azidi kuwabariki, na wote nilikuwa nimewaandika "Mama mnene." Mmoja alikuja mbio Ijumaa jioni, nikampa mfuko, akaenda. Kesho yake akavaa gauni la mwenzake harusini. Mwenye gauni naye alikuwa hapohapo, ameketi mstari wa pili, akaona kitenge alichokichagua kwa macho yake mawili kikimpita mbele kikicheza.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Gauni ameshalirudisha mikononi mwake, lakini kilichomchoma si gauni. Alikuwa ameshika kile kikaratasi, ambacho nilikisahau kwenye kola.

"Mama mnene ni nani?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kukichukua kikaratasi, akakivuta nyuma.

"Mimi nina jina! Nina watoto watano na duka la nyanya, na wewe unaniita hivi? Haya, vitambaa vyangu vingine viwili viko wapi? Sitoki hapa mpaka nivione."

Akakaa, na benchi likalia. Mimi nikamwaga gunia la kwanza sakafuni, kisha la pili, kisha nikaona heri nimwage yote. Wueh! Yaliyotoka humo ni ya kuficha uso. Sketi ya shule ya msichana ambaye sasa ana mtoto. Mikasi minne, kila mmoja niliununua nikiapa kwamba uliotangulia umeibwa. Vitambaa vya yule mama vilikuwa kwenye gunia la tano. Nilipofika chini kabisa ya gunia la saba, mkono wangu ukagusa gazeti.

Karatasi ilisema: "Baba. Kifua 42. Kiuno 36." Nikakaa chini katikati ya matambara nikalia.

Yule mama aliyekuja kunila mzima akaacha kelele. "Hiyo ni ya nani?" Nikamweleza yote. Akavua viatu, akaja kukaa na mimi sakafuni. "Lete kalamu," akasema. "Mimi nauza nyanya. Iliyofika kwanza ndiyo inatoka kwanza. Ukianza kuuza ile mteja anayoipigia kelele, za chini zinaoza. Sasa, hiki kililetwa lini? Na mwenyewe anaitwaje? Jina, nimesema jina!"

Tulipanga siku nzima, yeye akiniamrisha mimi nikitii, jambo ambalo mume wangu hajawahi kulifanikisha. Kila kitambaa kikapata mfuko wake, jina na tarehe, na kila mfuko msumari wake ukutani, cha zamani karibu na cherehani, kipya karibu na mlango. Nikahesabu nguo ninazoweza kushona kwa wiki bila kudanganya mtu. Sita. Miaka yote nilikuwa napokea kumi na tano! Jumamosi nikaifunga. Wateja wakasema nimeanza kuringa, wengine wakahama. Waende salama. Msumari wa kwanza, hapo karibu na mkono wangu wa kulia, ulikuwa wa baba.

Lakini sikuthubutu kukata kwa vipimo vya zamani. Jumamosi ya kwanza nikaenda Muhoroni na tepu kwenye mkoba. Nilimkuta baba mlangoni na sweta yake ya kahawia, malori ya miwa yakipita barabarani na kuacha vumbi. Akafurahi mpaka akasahau kunikaribisha ndani.

"Umeleta suti?"

"Nimeleta tepu, Baba."

"Haya. Mwanzo ni mwanzo."

Kifua kilikuwa thelathini na nane. Nikapima tena, nikidhani tepu imejikunja. Thelathini na nane. Kiuno thelathini na moja. Mikono yangu ndiyo iliyoelewa kwanza, kabla ya kichwa. Nikamuuliza kama aliwahi kubarikiwa kanisani.

"Wameniita mara tatu," akasema. "Niliwaambia suti yangu bado iko kwa fundi. Mmoja akataka kuniletea koti la mitumba. Nikamwambia aende nalo, mimi ninaye fundi wangu Kisumu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi."

Nikapika ugali na samaki niliokuja nao, tukala pamoja, na aliongeza mara mbili.

Wiki hiyo nilikata kitambaa. Jumamosi iliyofuata nikamvalisha ikiwa bado na nyuzi za kushikiza, nikapiga magoti nikaanza kupunguza kiuno kwa pini. Wazee wa kwetu hawachezi na suti. Baba alijigeuza huku na huku kama bwana harusi, kisha akanishika mkono.

"Usinibane hivyo, nyara. Weka nafasi. Mimi bado nanenepa."

Mimi ni fundi wa miaka ishirini. Najua mwili wa mzee ukishaanza kupungua huwa unaelekea wapi. Lakini sikumbishia. Nikamwachia inchi mbili nzima ndani ya mshono, ili kumfurahisha tu, nikaenda nje kidogo kufuta macho.

Alibarikiwa Jumapili ya wiki iliyofuata, amesimama wima, kijivu chake kimenyooka, na mimi nikapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo Jumamosi zangu ni za Muhoroni. Tunakula, ananisimulia mambo ya watu, ananikemea kwa kumpa mboga nyingi, halafu anamaliza.

Jumamosi iliyopita alinipokea mlangoni akinung'unika kwamba suruali ya suti inambana. Nikamwambia aivae nione. Ni kweli, ilimbana. Nikatoa wembe, nikafungua mshono palepale, nikaachilia nusu inchi kati ya zile mbili.