Baba Alipokataa Mofini

Baba alihamia kwangu mjini, mtaa wa Mshangano, akitokea Namtumbo, saratani ya tezi dume ikiwa imeshamwingia kwenye uti wa mgongo. Nilimpa chumba cha wanangu, wao wakahamia sebuleni. Nilikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Majengo. Mwanzoni nililifungua kila nilipopata nafasi, mwishowe nikaacha kabisa.

Kuliko kitu kingine chochote, nakumbuka uchovu. Kumgeuza ubavu, kufua mashuka, kuchemsha maji, kisha kuanza upya. Alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa miraba minne, na hakutaka mtu amwone akilia. Akinyamaza ghafla nilijua maumivu yamezidi. Mara nyingi nilisimama jikoni mwiko mkononi, nikiusikiliza ukimya ule mpaka ugali ukaungua.

Vidonge vya kawaida viliposhindwa, muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani alileta chupa ya dawa ya maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Mofini. Ya kutuliza maumivu."

"Hiyo si wanapewa wanaokufa? Tena ni ya kulevya."

Muuguzi akavuta kigoda, akakaa. Alimweleza kwamba inatokana na utomvu wa mmea, ule ule unaotoa afyuni, ila hii imesafishwa na kupimwa. Maumivu, alisema, yanatoka mgongoni yakipeleka habari kichwani. Mofini inaziba njia ile, habari ifike kidogo au isifike kabisa. Ugonjwa wenyewe haiugusi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi mimea naijua. Nikiwa kijana nilivuna tumbaku yenye umande, nikatapika kutwa nzima, na sijawahi kuvuta hata msokoto mmoja. Jani liliniingia kwa ngozi tu. Mmea ukishaingia mwilini haukuulizi unataka nini. Mimi nataka kusali nikiwa na akili zangu."

Muuguzi hakumlazimisha. Chupa ikabaki kabatini, na mimi nikaendelea kuusikiliza ule ukimya.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji. Nilishtuka bakuli limepinduka, uji umetapakaa kwenye blanketi na kifuani kwake. Nilikuwa nimesinzia nikiwa nimekaa, kijiko bado mkononi. Nilianza kufuta, naomba radhi, machozi yananitoka kwa hasira tu. Baba hakunigombeza.

"Mama, unalala saa ngapi wewe?"

"Nalala, baba."

"Hulali. Lete hiyo chupa."

"Utakunywa?"

"Nitakunywa, ili na wewe ulale."

Nilipima kama nilivyoonyeshwa. Alimeza, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, akatulia kama anayemsubiri mgeni. Haikupita saa, vidole vyake vikaliachia blanketi. Nilikuwa sijui kama alikuwa amelishika kwa nguvu kiasi kile. Akalala. Mimi sikulala, nilikaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikihofia nimemuua.

Siku za kwanza alisinziasinzia. Baadaye akili ikamrudia yote, akasali rozari yake, akaomba dagaa wa Nyasa na kulalamika kwamba nimetia chumvi nyingi. Kilichomtesa ni choo kigumu, jambo ambalo muuguzi alikuwa ametuonya. Tulimpa dawa ya kulainisha na mapapai, na wageni walipokuja kumwona aliwasimulia habari za choo kuliko za saratani. Nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike. Lakini mwili uliendelea kwisha. Mofini haikuwa imetuahidi lolote zaidi ya kutuliza maumivu.

Alifariki mchana, mvua za kwanza zilipoanza, nikiwa uani naanua nguo. Padri alikuwa ameshampa mpako wa wagonjwa, na baba aliitikia sala zote kwa sauti yake mwenyewe.

Baada ya mazishi muuguzi alikuja kuchukua dawa iliyobaki, maana si ya kuachwa ovyo nyumbani. Mvua ikamkuta kwangu. Alivua viatu, akakaa mkekani, akaomba maji ya kunywa. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alisema bado ana mgonjwa mwingine upande wa pili wa mji. Mvua ilipopungua akavaa viatu vyake, akaenda.