Waya Niliouficha Chini ya Rangi

Nakumbuka asubuhi moja kule Nguba, mtaani kwetu mjini, Mwanangu, nilipomnyima mtu neno moja tu, na neno hilo lilikaribia kumwunguzia kazi yake yote. Nitakusimulia polepole, maana shule yangu iliishia primaire, yaani ya msingi, na mwenda pole hajikwai.

Nilikuwa kijana mwenye haya, nikijifunza kutengeneza mashine kwa Papa Rashidi, mzee wa asili ya Uvira. Mwalimu mmoja alituletea kompyuta ya zamani sana, ya aina isiyotengenezwa tena. Betri ilikuwa imevuja ikala kadi-mama, yaani ule ubao unaobeba viungo vyote vya mashine. Lakini Papa Rashidi akapata kwenye intaneti michoro ya kadi ile, imechorwa upya mstari kwa mstari na mtu wa nchi ya mbali tusiyemjua. Mtu yule alikuwa ametaabika miaka miwili, kisha akaweka mafaili yake wazi kwa wote na kuandika: chukueni, tengenezeni, mkiona kosa mniambie. Hadi leo namstaajabia.

Tuliagiza ubao mpya kwa michoro ile. Nilipoupima kabla ya kuwasha, nikaona mstari mmoja wa umeme umegusa pasipotakiwa, kama ulivyochorwa kwenye michoro. Nikaukata kwa wembe, nikaunga waya mwembamba, na kompyuta ikaamka. Papa Rashidi alinisifu mbele ya wateja. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe. Nikapaka rangi nyeusi juu ya waya nisiigwe. Mafundi wengi tulikuwa hivyo. Wengine walikwangua hata namba za chipu. Na yule aliyeomba aambiwe kosa, sikumwandikia.

Ndipo akaja Neema, binti kutoka Luberizi aliyewafundisha watoto wa kijijini kwao kompyuta, na ubao uliotoka kwenye michoro ile ile.

“Yaya,” akaniita, maana kwao kaka ni yaya, “ya kwenu inawaka. Ya mimi sijawasha bado, niko naogopa. Chipu iko moja tu, ikiungua basi. Muliona kosa?”

Nikatazama sakafu. “Hapana. Iko bien, iko sawa.”

Akashukuru, akaenda. Papa Rashidi, aliyekuwa akinywa chai nyuma ya kabati, akasikia yote.

“Ee, fundi wa rangi! Ule muntu wa mbali alikuficha nini?”

“Hakunificha kitu, papa.”

“Na weye unamufichia dada yako moto? Kimbia!”

Nilikimbia hadi kwenye maegesho ya magari ya kwenda uwandani, kwao Neema. Neema alikuwa amekwisha kupanda, ubao uko magotini, umefungwa katika kitenge. Abiria wote wakanitazama, nami nachelea macho ya watu kuliko mvua.

“Dada,” nikasema kwa kuhema, “nilidanganya. Kosa iko.”

“Maskini!” akasema maman mmoja. “Miye nilifikiri anakuja kuposa!”

Wakacheka gari zima. Neema hakucheka. Alinipa daftari, nikamchorea pa kukata na pa kuunga.

“Juu ya nini haukusema?” akauliza sababu.

Nikamrudishia daftari, Mwanangu, gari likaondoka.

Jioni ile nilimwandikia mtu wa mbali. Mistari minne ilinichukua saa mbili. Akasahihisha michoro, akaandika jina langu chini ya lake, kana kwamba tulianza pamoja. Siku chache baadaye Neema akapiga simu. Sikuhitaji kumwuliza, nilisikia watoto wakipiga makofi nyuma yake.

Basi shika haya. Mficha uchi hazai. Ukipewa mchoro wazi usiufunge, maana aliyekupa angeweza kuufunga kabla yako. Ukiona kosa, liseme siku ile ile, hata sauti ikitetemeka. Kuona haya si dhambi, ila usiifanye pazia la uchoyo. Na aliyekufungulia njia mtaje, hata kama hujawahi kuuona uso wake.

Mungu akupe jicho la kuona kosa na kinywa cha kulisema. Kila utakachokitengeneza kiwake mikononi mwako, kiwake na mikononi mwa usiowajua. Amina.